Musa na Masikio ya Kariakoo

Kuna mstari katika kitabu cha Kutoka ambao kila anayejua kidogo historia ya Misri ya kale huusoma huku akitabasamu. Ni mstari wa kumi wa sura ya pili. Mtoto wa Kiebrania aliyefichwa katika kisafina kando ya mto ameokotwa na binti Farao, amenyonyeshwa kwa mshahara na mama yake mwenyewe bila binti mfalme kujua, amekua, amerudishwa ikulu. Sasa anapewa jina. Anaitwa Moshe, ambaye sisi tunamwita Musa, na sababu inatajwa palepale: ni kwa kuwa alitolewa katika maji. Kitenzi cha Kiebrania cha kutoa huko ni mashah. Moshe, mashah. Sikio linaridhika na hadithi inasonga mbele.

Anayetabasamu ana sababu zake. Binti huyu ni Mmisri. Baba yake ndiye aliyeamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Alijifunza lini lugha ya watumwa wa nyumbani kwao, hata aweze kuchezea vitenzi vyake? Tena mchezo wenyewe una kasoro. Kwa umbo lake la kisarufi Moshe ni "atoaye". Mtoto aliyetolewa majini, kama tunafuata sarufi, angeitwa Mashui. Yaani hata tukikubali kwamba binti Farao alijua Kiebrania, itabidi tuongeze kwamba hakukijua vizuri.

Kwa hiyo wataalamu wengi wa lugha za kale wameutafuta mzizi wa jina hili upande wa pili, katika Kimisri. Huko kuna neno mes, lenye maana ya kuzaa au kuzaliwa, nalo limejaa katika majina ya wakubwa. Thutmose ni jina linalosema kwamba mungu Thothi amezaliwa. Ramesesi linasema kwamba Ra ndiye aliyemzaa. Ahmose ni hivyohivyo, na mwezi. Ukiondoa jina la mungu mbele, kinachobaki ni Mose, na majina yaliyofupishwa hivyo yanaonekana katika maandishi ya Wamisri wenyewe. James Breasted, mwanahistoria wa Misri, aliieleza hoja hii mwaka 1933, na Sigmund Freud akaichukua na kuijengea kitabu kizima mwaka 1939, akidai kwamba Musa mwenyewe alikuwa Mmisri. Kwa Freud jina peke yake lilikuwa nusu ya ushahidi. Mimi nadhani kama majina yangekuwa na nguvu hiyo ya ushahidi, nusu ya wakazi wa Dar es Salaam tungewapeleka Uarabuni na nusu nyingine Palestina.

Basi shauri likaonekana limekwisha. Jina ni la Kimisri, maelezo ya Biblia ni ya kubuni, mwandishi wa Kutoka alisikia vibaya. Ukisoma vitabu vya maelezo ya Biblia utakutana na hukumu hiyo imeandikwa kwa upole, mara nyingi katika maneno mawili: "etimolojia ya kienyeji". Ni hukumu hiyo ninayotaka kubishana nayo. Sibishani na sehemu yake ya kwanza, kwa maana asili ya Kimisri naiona ina nguvu. Ninabishana na dharau iliyomo katika neno "kienyeji".

Nianze na pingamizi ambalo wanaisimu wenyewe wameliweka mezani. Kiebrania kina herufi zaidi ya moja za sauti zilizo karibu na s. Kuna sameki, ambayo ni s ya kawaida, na kuna shini, ambayo katika jina hili hutamkwa sh. Sauti ya s katika mes ya Kimisri ilitarajiwa ifike katika Kiebrania kama sameki. Na kweli, mahali pengine ilifika hivyo. Katika sura ya kwanza ya Kutoka, mstari wa kumi na moja, Waebrania wanajengeshwa kwa nguvu miji ya ghala ya Farao, Pithomu na Ramesesi. Jina la Ramesesi limeandikwa kwa sameki. Lina mes ileile ndani yake. Sura moja baadaye, mes inarudi katika jina la mtoto, lakini sasa imeandikwa kwa shini. Wapo wanaoona kwamba tofauti hii inatosha kuiangusha asili ya Kimisri. Wengine husema majina yaliingia kwa nyakati tofauti, na sauti hubadilika.

Mimi naona herufi hiyo moja ndiyo sehemu yenye utajiri kuliko zote. Jina la mji wa utumwa limeachwa na sauti ya wenye mji. Jina la mtoto limebadilishwa sauti hadi likafanana na kitenzi cha kwao. Kama asili ya Kimisri ni kweli, basi hapo pana watu waliopokea jina kutoka kwa mabwana wao, wakalisikia kwa masikio yao wenyewe, wakalipa maana ambayo mabwana hawakuiweka.

Kuelewa jambo hilo hakuhitaji kwenda Misri. Panda daladala yoyote inayoingia katikati ya jiji na umsikilize kondakta anapotaja mwisho wa safari.

Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa jina lake rasmi, watu wa Afrika waliobeba kichwani vyakula, risasi na vitanda vya maofisa katika nchi isiyo na barabara na yenye ndorobo wa kuua kila ng'ombe na farasi. Wengi hawakwenda kwa hiari. Makumi ya maelfu walikufa, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Kambi yao hapa mjini ilikuwa katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko, na baada ya vita soko likafunguliwa hapohapo. Jina la kambi likabaki. Kwa Kiingereza herufi mbili za mwisho za neno la pili hazitamkwi, na sikio la Mswahili halivumilii neno kuishia na r iliyoning'inia. Kariakoo. Nairobi, ambako kikosi kilekile kilikuwa na kambi, sikio la huko likasikia Kariokor na kuliandika hivyo. Jina moja, vita moja, masikio mawili.

Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba Kariakoo ni kosa. Hakuna mzee wa Mtaa wa Sikukuu anayekaa kibarazani akisikitika kwamba wenzake wanalitamka vibaya jina la Carrier Corps. Jina limehama. Sasa maana yake ni bei ya jumla, ni vitenge na vyombo vya plastiki, ni mchuuzi anayekushika mkono kabla hujasema unataka nini, ni timu mbili kubwa za mpira zinazoitwa kwa jina hilo hata zikicheza Mwanza. Ukipenda unaweza hata kusikia "koo" mwishoni mwake, na ukatania kwamba ndilo koo la nchi, kila kitu kinapitia hapo kabla ya kumezwa mikoani. Hiyo ni etimolojia ya kienyeji, nimeitunga sasa hivi, na haina thamani yoyote ya kihistoria. Lakini mtu akiitunga miaka mia iliyopita, wengi wakaikubali, wakaifundisha watoto, ingekuwa ni sehemu ya historia ya jina kama ilivyo kambi ya Waingereza.

Jirani ya Kariakoo ni Gerezani, na gereza lina safari ya ajabu zaidi. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, igreja. Kutoka kanisa hadi ngome, kutoka ngome hadi mahali pa kufungia watu. Wareno hawakukusudia tulisikie hivyo. Lakini watu wa Pwani walikuwa na sababu zao za kuiona ngome kwanza na altare baadaye.

Kuna jambo jingine kuhusu wapagazi. Mwaka 1927 Waingereza walizindua sanamu ya kumbukumbu ya vita katikati ya Dar es Salaam, mahali ambapo zamani palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann. Iko pale hadi leo, katika mzunguko wa Samora na Azikiwe: askari wa shaba, bunduki mkononi, anaelekea bandarini. Maandishi ya chini yanawataja na wapagazi, lakini mtu aliyesimama juu ya jiwe ni askari. Ukitaka kumbukumbu ya mpagazi katika jiji hili, iko katika jina la soko, na hata hapo haikukusudiwa na mtu. Ilibaki kwa sababu watu walilitia jina hilo kinywani mwao na hawakulitema.

Ndivyo ninavyousoma mstari wa kumi. Jina linatoka ikulu. Kama ni la Kimisri, ni kipande cha jina la kifalme, mabaki ya Thutmose au Ramesesi ambayo mungu wake ameondolewa, kwa hiyo halina ukamilifu: "mwana wa", kisha kimya. Mwandishi wa Kutoka analichukua kipande hicho na kukikamilisha kwa maji. Alichoandika ni dai la umiliki. Kulipima kama maelezo ya kamusi ni kumpima mshonaji kwa mizani ya mchinjaji.

Na dai hilo halikufanywa kwa uzembe. Kitenzi mashah ni adimu mno. Katika Biblia yote ya Kiebrania kinatokea hapa na katika wimbo mmoja wa Daudi, ambao umehifadhiwa mara mbili: Samweli wa Pili sura ya 22 na Zaburi ya 18. Huko mfalme anasimulia jinsi Mungu alivyonyosha mkono kutoka juu na kumnyakua katika maji mengi. Hapo ndipo mahali pekee pengine. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiebrania akisikia mashah, hasikii kutoa kwa kawaida, kama kutoa mkate kwenye kikapu. Anasikia kunyakuliwa kutoka katika kifo cha maji.

Hapa sasa nageukia Biblia zetu, kwa sababu hapa mtafsiri wa Kiswahili alikuwa na neno mkononi na hakulitumia. Neno hilo ni kuopoa. Kila mtu wa Pwani analijua. Ndoo ikizama kisimani, inaopolewa. Mtu akizama baharini mbele ya Feri, habari ya jioni itasema mwili umeopolewa. Kuopoa ni kutoa kitu katika kina kwa jitihada, kitu ambacho kwa haki kilikwisha kupotea. Ni neno lenye maji ndani yake, kama mashah. Biblia ya Union ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani ikiwa na jalada jeusi, ilitumia kitenzi cha kawaida kabisa, kutoa. Ikakitumia pia katika Zaburi ya 18. Kiungo kati ya mtoto na mfalme kipo, lakini hakionekani, maana kutoa kumetapakaa kila ukurasa: watu wanatoa sadaka, wanatoa pepo, wanatoa hukumu.

Muda mrefu niliiona hiyo ni hasara tupu. Sasa sina uhakika huo, na kilichonipunguzia uhakika ni jina la kitabu chenyewe. Kwa Kiebrania kitabu hiki kinaitwa kwa maneno yake ya kwanza, Shemot, "Majina". Kwa Kigiriki kikaitwa Safari ya kwenda nje. Kwa Kiswahili kinaitwa Kutoka. Na kutoka ni ndugu wa damu wa kutoa. Mtoto anatolewa majini, naye atawatoa watu Misri, nao watatoka. Katika Kiebrania mambo haya yana vitenzi tofauti. Mashah kwa mtoto, na kingine, yatza, kwa taifa. Kiswahili kimeyaweka katika mzizi mmoja bila kukusudia. Mkulima wa Rufiji anayesikia kitabu hiki kikisomwa kanisani anapata fumbo ambalo Ibn Ezra, pamoja na elimu yake yote, hakulipata. Nikipewa kalamu ya mtafsiri leo ningeandika kuopoa na kujuta kidogo.

Kwa kuwa nimefika hapo, niwasifu watafsiri wa Union kwa jambo dogo. Waliandika kwamba mtoto alitolewa "katika maji", wakaepuka "majini". Huku Pwani mtu akisikia kwamba fulani alitolewa majini, kitu cha kwanza kinachomjia si mto. Atauliza majini yenyewe yalikuwa mangapi, na yalitolewa na mganga gani au mchungaji gani.

Turudi kwenye umbo la jina, lile la "atoaye". Kasoro ya kisarufi niliyoitaja mwanzoni inaacha kuwa kasoro ukisoma mbele. Isaya sura ya 63, mstari wa kumi na moja, anakumbuka siku za kale, na maneno yake ya Kiebrania yanaweza kusomwa kwa namna mbili: "Musa, watu wake" au "mwopoaji wa watu wake". Papohapo anataja kupandishwa kutoka baharini. Nabii huyo alilisikia jina kama tendo ambalo mtoto atakuja kulifanya. Aliyeopolewa anakuwa mwopoaji. Sidhani kwamba mwandishi wa Kutoka alikosea sarufi yake mwenyewe halafu Isaya akamrekebisha. Nadhani jina lilikuja likiwa na umbo ambalo halikulingana na kitenzi sawasawa, na watu wa jina hilo wakaendelea kulifanyia kazi mpaka kile kilichozidi kikapata mahali.

Wala hawakuwa wao peke yao. Yosefo, Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, alisema kwamba mo ni maji kwa Kimisri na uses ni waliookolewa, ili kupata Mouses, jina katika umbo lake la Kigiriki. Baadhi ya wafasiri wa Qurani wa karne za mwanzo walieleza kwamba mu ni maji na sha ni miti, kwa sababu kisanduku kilipatikana kati ya maji na miti. Angalia jinsi kila mmoja anavyopata maji. Lugha inabadilika, hesabu ya silabi inabadilika, maji hayaondoki. Kwa Kiarabu, ukilisoma jina lilivyo bila hadithi, kuna neno linalofanana nalo lenye maana ya wembe. Hakuna mfasiri aliyeshawishika nalo.

Qurani yenyewe haielezi jina. Inamtaja Musa zaidi ya mara 130, kuliko mwanadamu mwingine yeyote, na katika sura ya 28 inasimulia kutupwa kwake mtoni na kurudishwa kwa mama yake ili jicho la mama litulie. Anayemwokoa humo ni mke wa Farao, ambaye mapokeo yanamwita Asia, jina ambalo huku kwetu ukiliita katika uchochoro wowote wa Kariakoo mtu ataitika. Binti katika kitabu kimoja, mke katika kingine. Nyumba ni ileile.

Na hapa ndipo panaponiuma kidogo. Watafsiri wa Union walipofika kwenye majina ya Agano la Kale walikuta Pwani tayari inayo. Wakaandika Nuhu, Ibrahimu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani, Ayubu. Walipofika Agano Jipya wakasita: Isa akawa Yesu, Yahya akawa Yohana. Mpaka uliwekwa mahali fulani kati ya vitabu viwili, na unaweza kuuonyesha kwa kidole. Lakini upande huu wa mpaka majina yaliachwa kuwa ya wote. Si kila mtafsiri alipenda hivyo. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuipunguzia Biblia ya Kiswahili maneno ya asili ya Kiarabu. Roehl alishindwa na Union, na Union ikapata wasomaji.

Kisha miaka ya 1990 ikaja Biblia ya Habari Njema. Kiswahili chake ni chepesi, na sina ugomvi nacho katika mambo mengi. Lakini humo Nuhu amekuwa Noa, Ibrahimu amekuwa Abrahamu, Haruni amekuwa Aroni, Sulemani amekuwa Solomoni, Ayubu amekuwa Yobu. Na Musa amekuwa Mose. Mtetezi wake anaweza kusema kwamba Mose ni karibu zaidi na Moshe. Kwa jicho, labda. Kwa sikio, Mose imepita Ugiriki, Roma na Ujerumani kabla ya kufika kwetu, na njiani imepoteza ile sh ambayo ndiyo iliyokuwa kazi yote ya Waebrania. Musa nayo haina sh, nakubali. Ilipitia Kisiria na Kiarabu na ikaiacha huko. Kama kipimo ni ukaribu na Kiebrania, hakuna mshindi hapa.

Kipimo changu ni kingine. Wenye umri wangu mtakumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, viti vya kukodi, spika mbili juu ya meza, mhubiri wa Kiislamu ameshika Biblia ya Union imejaa vikaratasi vya alama, na upande wa pili mlokole naye ameshika yake. Mara nyingi ugomvi ulifika kwenye Kumbukumbu la Torati 18:18, ahadi ya nabii aliye mfano wa Musa. Mmoja anasema ni Muhammad, mwingine anasema ni Yesu. Sauti zinapanda. Nyakati nyingine ilikuwa hatari, na serikali iliogopa, na ilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini katikati ya kelele zile palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelibishia: Musa ni nani. Wote wawili walimaanisha mtu mmoja na walimwita kwa jina moja. Ubishi wa "mfano wake" unawezekana tu mkikubaliana kuhusu yeye. Mpe mmoja Mose na mwingine Musa, na hata ugomvi wao utakuwa umepungukiwa.

Tayari inatokea. Siku hizi mwenye duka akiitwa Musa, mteja anadhani anajua atafunga duka siku gani kwenda kusali; akiitwa Moses, vivyo hivyo. Sikatai kwamba watu wana haki ya kujitambulisha. Ninachosema ni kwamba Biblia ya Union ilituachia jina ambalo halikusema lolote kuhusu siku ya ibada, na tunalirudisha kidogo kidogo dukani tulikolinunua.

Ninalo jambo la mwisho, nalo ni la sarufi. Katika mstari ule wa kumi, nani hasa aliyempa mtoto jina? Kiebrania kinasema aliyetaja jina ni mwanamke, basi. Wafasiri wengi wanamchukua binti Farao, na hapo ndipo Ibn Ezra, katika karne ya kumi na mbili, alipolazimika kutafuta njia: labda Moshe ni tafsiri ya jina la Kimisri, au labda binti alijifunza Kiebrania, au aliuliza. Lakini wapo Wayahudi wa zama za kati waliosoma vingine. Wanawake ni wawili katika mstari huo, mama aliyemleta mtoto na binti aliyempokea, na yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye aliyesema. Marabi wa zamani zaidi walikwisha kuhangaika na miezi ile mitatu ya mafichoni: mama alimwitaje? Wakamtungia jina, Tovia, kwa sababu imeandikwa kwamba alimwona ni mwema.

Kiswahili cha Union kinafululiza vitenzi: akakua, akamleta, akawa, akamwita. Kiambishi ni a- kila mahali, na a- haimjui mwanamume wala mwanamke, mtumwa wala binti mfalme. Ukiusoma kwa sauti, polepole, huwezi kusema kwa hakika ni mwanamke yupi anayetamka jina. Wanafunzi wangewekewa alama nyekundu kwa sentensi kama hiyo. Mimi nimeusoma mara nyingi, na kila mara namsikia mama akisema kwanza, kwa lugha ya kwao, na binti Farao akirudia baada yake kama alivyolisikia.